Kimya cha Siku Saba

Wenzake walimwita Forodha, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa taswira rasmi na kuamua nini kipite na nini kibaki nje. Taswira, kwa asiyejua mambo haya, ni mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, wa Linux, uliokwisha kufungashwa: mtu anakodi kompyuta huko kwenye wingu, anaiwasha, na ndani anakuta kile alichofungashiwa na kina Forodha, si zaidi. Kila mwezi maelfu ya mashine ambazo hatazitia machoni maisha yake yote ziliamka na mzigo aliousaini yeye, akiwa ameketi katika chumba cha kupanga juu ya duka la fundi cherehani, na chai yake imepoa pembeni.

Kamati yao ilikuwa na watu tisa, na tatizo lao lilikuwa moja. Kila mtu duniani ana programu anayoamini kwamba bila hiyo mashine haiwezi kuitwa mashine. Ukiwasikiliza wote, taswira itanenepa hadi ishindwe kuinuka. Zamani walikuwa wakibishana wiki nzima juu ya kijiprogramu kisichozidi ukucha, watu wanasusa, watu wanatupiana maneno, na mwisho hakitoki kitu. Ndipo Forodha alipoandika kanuni. Anayetaka kitu kiondolewe atakiorodhesha Ijumaa na sababu yake. Siku saba zikipita bila mtu kukitetea, kinatoka. Kimya ni ridhaa, na hakuna cha mjomba wala shangazi.

Kanuni ilifanya kazi, wacha niseme ukweli. Kamati ikapata usingizi. Aliyeyaonja makali yake ni Gramu, rafiki yake mkubwa katika kazi hiyo, aliyepewa jina hilo kwa kupima kila kilobaiti kama anapima dhahabu. Gramu alikuwa na programu yake aliyoiandika kwa mikono yake, ya kupimia nafasi kwenye diski. Mtu mmoja akaiorodhesha itolewe, na wiki hiyo Gramu alikuwa kwenye harusi ya dada yake. Aliporudi akaandika barua ndefu ya kuitetea, yenye sababu nzuri kabisa. Forodha akamjibu kwa mstari mmoja: leo ni siku ya nane. Gramu alinuna wiki mbili.

Sasa baba yake Forodha. Huyu alikuwa fundi wa pampu katika kituo cha maji, mwaka wa thelathini na moja sasa, mjane, mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Alikuwa akisikiliza pampu ikikohoa anakuambia ni beringi gani. Miaka miwili nyuma, ofisi ya maji ilihamishia ratiba ya mgao kwenye mashine ya kukodi: faili moja la mistari thelathini na minne, kila mstari mtaa wake na saa yake ya kufunguliwa maji. Wenzake wa rika lake walitimua mbio. Yeye alimwomba binti yake amfundishe, na Forodha akamfundisha kalamu, kihariri kidogo cha kuandikia na kurekebisha faili, ambacho chini ya kioo kinakuandikia kabisa ubonyeze nini kuhifadhi na nini kutoka. Mzee alikishika kwa mchana mmoja. Kila tarehe mosi mashine ilianzishwa upya kwa taswira mpya ya mwezi ya kina Forodha, faili la ratiba likibaki salama kwenye diski yake ya pembeni. Na kwa kuwa mashine ya maji ilifungwa isiguse mtandao wa nje, kilichokosekana ndani ya taswira kilikosekana basi.

Kisha mzee akapata mtoto wa jicho. Akaanza kusoma ratiba pua ikigusa kioo. Meneja wake, kijana mstaarabu asiyeinua sauti, alimwita ofisini na kumwambia kwamba labda wakati umefika wa kumwachia mwingine chumba cha pampu, yeye akae getini kufungulia magari hadi siku zake za kustaafu zitimie. Mzee aliomba apewe mwezi akatengeneze jicho. Meneja akakubali, lakini alikubali kwa namna ya mtu anayekubali kwa sababu mwezi si mrefu.

Mzee alipopasuliwa jicho, Forodha alichukua likizo ya wiki nzima. Kompyuta yake aliiweka juu ya kabati, akaifunika na kanga, akahamia kwa baba yake. Dawa ya matone kila baada ya saa nne, bendeji kila asubuhi, na katikati yake ugomvi wa miwani myeusi, ambayo mzee aliivua kila binti akigeuza kisogo. Walicheka. Mzee alimsimulia habari za mama yake ambazo hakuwahi kuzisikia, jinsi alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali, na hata alipomkubali hakusema, alimletea tu shati lake akiwa amelishona kifungo. Tangu msiba wa mama hawakuwahi kukaa pamoja siku nyingi kiasi hicho, na Forodha alimpenda baba yake wiki ile kuliko wakati wowote.

Wiki hiyo hiyo Gramu aliorodhesha vitu kumi na saba vya kutolewa. Cha kumi na moja kilikuwa kalamu. Kilobaiti mia tisa, aliandika, na kihariri kingine kipo; anayekihitaji aseme. Hakusema mtu.

Jumamosi Forodha alirudi kwake, amechoka, ananukia dawa. Akakuta orodha imetimiza siku zake, vitu kumi na saba, pingamizi hakuna. Hakuisoma. Kanuni aliitunga mwenyewe, na kwake kuisoma orodha iliyokwisha kupita ilikuwa sawa na kujitilia shaka. Akatia saini, akalala.

Tarehe mosi simu ililia saa mbili asubuhi. Mzee alisalimiwa, akaitika marahaba, kisha akasema kwa upole kwamba kalamu haipo. Forodha alidhani ni jicho. Akamwambia aandike tena polepole, herufi kwa herufi. Mzee akaandika. Mashine ikajibu kwamba haimjui mtu huyo.

"Labda mwezi huu mmeibadilisha jina?" mzee aliuliza.

Forodha alifungua orodha yake huku simu ikiwa begani. Kumi na moja. Akaona jina la kalamu, akaona tarehe, akahesabu kwa vidole, akaona kwamba siku ile ya saba, siku ya mwisho ya kusema, yeye alikuwa anabadilisha bendeji.

"Baba," alisema, "nimekitoa mimi. Kwa saini yangu."

Upande wa pili ukaja mlio wa ajabu. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka hadi akalazimika kuketi. Alipoweza kusema, alieleza kwamba daktari alimkataza kuinua mizigo, kuinama na kupiga chafya, lakini kuhusu kucheka hakumwambia kitu. Ndipo akamweleza lililobaki, na hilo halikuwa la kucheka. Bomba la kilimani lilikuwa limepasuka. Keshokutwa, Jumatano, meneja angekuja na saa mpya za mtaa huo, na mzee angezitia kwenye ratiba mbele yake. Hakuna aliyeuita mtihani, lakini ulikuwa mtihani. Akishindwa, geti lilikuwa linamngoja.

Forodha alikata simu, akashika tama. Kulikuwa na njia. Ufunguo wa kutia saini ulikuwa mkononi mwake, na kanuni iliruhusu toleo la dharura katikati ya mwezi, ila kwa kuziba tundu wanamoweza kupenya wadukuzi, basi. Kilobaiti mia tisa. Nani angeona? Alifungua ukurasa, akafika kwenye nafasi ya kuandika sababu, na vidole vikagoma. Akampigia Gramu. Gramu alisikiliza yote, akaomba radhi kana kwamba ndiye aliyempa mzee mtoto wa jicho, kisha akasema airudishe tu, naye atamtetea mbele ya yeyote.

"Wewe nilikukatalia siku ya nane," Forodha alisema.

"Nilishakusamehe."

"Hukunisamehe. Ulinuna wiki mbili."

"Basi baada ya hizo wiki mbili nikakusamehe."

Alitaka kucheka, akajikuta analia. Hakuirudisha. Siwezi kusema ilikuwa haki au kichwa kigumu. Wapo watakaosema baba ni baba. Lakini yeye alijua kwamba akiuchezea mlango kwa ajili ya baba yake, hatakuwa na uso wa kumzuia mtu mwingine tena, na baba yake angejua jinsi kalamu ilivyorudi. Alifuta ukurasa, akaweka nguo mbili kwenye mkoba, akaenda kumfundisha kihariri kile kingine.

Chumba cha pampu kilikuwa cha zege, sakafu yake haikauki, pampu tatu zimepangwa ukutani, na kwenye kona meza ndogo yenye kompyuta iliyofunikwa mfuko wa plastiki isiingie unyevu. Mzee alikuwa na miwani yake myeusi na mto wake wa kukalia. Walianza Jumanne saa tano asubuhi, na kufika saa nane walikuwa hawajafika popote. Kihariri kile ni cha zamani, kina nguvu, na kina kiburi chake: huwezi kuandika hadi ukiambie kwanza kwamba unataka kuandika, na huwezi kutoka hadi useme maneno fulani kwa mpangilio fulani. Mzee aliandika jina la mtaa, mistari mitatu ikafutika. Alijaribu kutoka, kikamganda.

"Kuingia ruhusa, kuandika ruhusa, kutoka ruhusa," alisema. "Mama, hii ni programu au ni ofisi ya vibali?"

Forodha alimwonyesha tena. Na tena. Uso wa mzee ukaanza kubadilika, mzaha ukimtoka kidogo kidogo, na hapo ndipo binti alipoogopa kweli, kwa maana baba yake akiacha kutania basi mambo yamefika shingoni. Mzee alivua miwani, akafuta lile jicho jipya kwa kitambaa safi alichopewa hospitali, akauliza kama hakuna namna ya kuandika tu. Si kufungua la zamani na kulirekebisha. Kuandika, kama mtu anavyofungua ukurasa mpya wa daftari.

Forodha alikuwa ameshafungua mdomo kusema haipo, akaufunga. Ipo. Ipo amri moja ya herufi tatu iliyomo kwenye kila taswira tangu zamani, haitolewi kwa kuwa bila hiyo hakuna kinachoenda. Unaiambia jina la faili, unaandika, ukimaliza unabonyeza vibonye viwili, basi. Lakini ni njia ya kijinga, alimweleza. Inafuta faili zima na kulianza upya. Na ukishavuka mstari huwezi kurudi nyuma kuusahihisha. Ili abadilishe mtaa mmoja ingembidi aiandike yote thelathini na minne, bila kukosea, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayefanya hivyo.

"Yote naijua," mzee alisema.

Akaanza kuitaja, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, mtaa na saa zake, macho yameelekea kwenye pampu. Hakukosea hata mmoja. Forodha alikuwa anamfuata kwenye kioo kwa kidole, na alipofika mwisho alimtazama mtu aliyemzaa kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake.

Jumatano meneja alikuja na karatasi. Alimsalimu mzee, akamsalimu binti aliyeketi kwenye benchi la nyuma, akaeleza: kilimani ihame kutoka jioni kwenda asubuhi, saa nne hadi saa saba, mpaka bomba litengenezwe. Mstari mmoja tu. Mzee aliitika ndiyo, akafunika karatasi kwa kiganja, akaanza kuandika kutoka mstari wa kwanza kwa vidole viwili. Meneja alitazama kioo, akatazama saa yake, akamtazama Forodha. Forodha alitazama sakafu.

Mstari wa tano, wa sita, wa saba. Kilimani ilikuwa ya tisa, akaiandika kwa saa zake mpya. Akaendelea. Mstari wa ishirini na mbili, vidole vikasimama.

Sekunde zikapita. Meneja alishusha pumzi taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia na halimfurahishi. Forodha aling'ang'ania ubao wa benchi. Alijua mstari ule, ulikuwa wa zahanati, na alijua baba yake anaujua, kwa hiyo alijua kwamba ni woga umempata.

"Bwana meneja," mzee alisema bila kugeuka. "Kilimani ukiipa asubuhi, zahanati, ambayo zamu yake ni saa hizo hizo, haipati hata tone. Bomba lao ni moja, na wa juu ndiye anayemaliza nguvu. Watakaa na ndoo tupu mpaka kilimani warudi jioni. Siku ngapi, wewe ndiye unajua."

Meneja alichukua karatasi yake. Akaisoma. Akatoka nje na simu, wakamsikia akiuliza maswali kwa mtu wa mabomba, kisha hawakumsikia akiuliza tena. Aliporudi uso ulikuwa umempwaya. Alisema mzee yuko sahihi, na akauliza, akimwuliza yeye hasa, wafanyeje. Mzee akapendekeza zahanati ifunguliwe alfajiri, kabla kilimani hawajaamka. Meneja akakubali. Mzee akaandika hivyo, akaendelea hadi wa thelathini na nne, akabonyeza vibonye viwili. Kioo hakikuonyesha kitu, mstari mtupu tu unaongoja.

"Mbona haijajibu?" meneja aliuliza.

"Ikikubali inanyamaza," mzee alisema. "Binti yangu ndivyo alivyonifundisha."

Habari ya geti haikutajwa siku hiyo wala baadaye. Meneja aliondoka akiomba kwamba kuanzia sasa kila ratiba mpya ipite kwanza kwa mzee kabla ya kuchapwa. Forodha alimkumbatia baba yake mbele ya pampu zote tatu, na akamwambia lile aliloliona akiwa pale kwenye benchi: kama kalamu ingekuwepo, angekwenda moja kwa moja mstari wa tisa, abadilishe, atoke, na asingekutana na zahanati kabisa. Mzee alisema ndiyo, na wangemlaumu nani? Fundi.

Lakini neno lingine lilikuwa limemchoma, nalo alirudi nalo kwake. Mashine ikinyamaza imekubali, sawa, ni mashine. Watu je? Ijumaa aliandika pendekezo kwa kamati. Kitu kisitolewe kwa sababu ya kimya. Kabla ya kukitoa, atafutwe hata mtu mmoja anayekitumia aulizwe. Penye sababu hakuandika mambo mengi. Aliandika kwamba aliyekuwa na haja ya kusema alikuwa amefungwa jicho, na aliyepaswa kumsemea alikuwa anamtia dawa.

Kwa kanuni iliyokuwepo, pendekezo lake lilipaswa kungoja siku saba, na kimya kingelipitisha. Kimya kikawa. Siku ya saba Gramu alimwandikia kumpongeza, limepita. Forodha akakataa kulipitisha. Aliwapigia simu wanane wote, mmoja mmoja, akawauliza kwa mdomo wanakubali au hawakubali, na wawili wakawa na neno ambalo bila kuulizwa wasingelisema kamwe, wakalirekebisha pendekezo. Gramu aliulizwa wa mwisho. Alisema anakubali, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali kama ile programu ya kupimia diski inaweza kujadiliwa upya. Forodha alimwambia alete watumiaji wake. Kalamu nayo ilirejea kwenye taswira ya mwezi uliofuata; walioandika kulalamikia kuondolewa kwake walifika arobaini, na Forodha hakupiga kura.

Jioni ya tarehe mosi alimpigia baba yake kumpa habari njema. Mzee alifurahi kwa ajili ya wengine. Yeye, alisema, ameshazoea kuiandika yote, akifika mwisho anajua hakuna mtaa alioupita bila kuuwaza. Wakaongea habari za pampu ya pili, za miwani, za chakula. Forodha akamuuliza kama jicho halimsumbui tena. Mzee akasema halimsumbui, kisha akanyamaza.

Zamani Forodha angeaga hapo. Safari hii alingoja kidogo, halafu akauliza.

"Baba, umenyamaza. Ni sawa, au kuna kitu?"

"Kuna hili la pili," mzee alisema. "Daktari anasema nalo limeanza. Nilinyamaza kwa sababu ni wiki nyingine nzima, na wewe una kazi."

Forodha aliuliza ni siku gani. Aliiandika kwenye karatasi, akavuta kompyuta, na kabla hajakata simu akawaandikia kamati kwamba wiki hiyo hakuna kitu kitakachotolewa kwenye taswira, na yeye hatakuwepo, yuko kwa baba yake.